Ndege Mwishoni mwa Wimbo

Nyumbani, 11 Januari 1971

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kapu la mashuka hapa dobini, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka usidhani dada yako ameanza ulevi. Hujambo huko? Sisi hatujambo. Mama mguu bado unamsumbua, lakini mdomo ni mzima kabisa. Jana kamgombeza muuza mkaa mpaka mwenyewe akaongeza bila kuombwa. Shemeji yako anakwenda kazini, anarudi, analala. Anakusalimu. Kusema kweli hakusema kitu, ila nimekuwekea salamu zake kwa sababu zamani angekusalimu.

Tangu uondoke na gitaa lako nyumba imekuwa kubwa mno. Wale majirani waliokuwa wakigonga ukuta kila mkianza mazoezi sasa wananiuliza, "Yule ndugu yako mwenye kelele kapotelea wapi?" Nawaambia amekwenda mjini kuwa mtu mashuhuri. Wanacheka, nami nacheka nao, maana nakujua toka unatambaa.

Sasa nije kwenye lililoniketisha juu ya kapu. Uliondoka haraka mno baada ya mazishi, sikupata nafasi ya kukuomba. Ni ule utepe. Unakumbuka ile siku unarekodi mazoezi chumba cha nyuma, mwanangu akaingia, akashika kipaza sauti na kuanza maneno yake? Utepe wenyewe uko kwenye boksi la mashine yako ya kurekodia. Kasha lake nililitia alama ya rangi ya kucha. Naomba unitumie. Picha yake tunayo ile moja, amelala, bado mchanga, hata sura haijawa yake. Yale mengine yote, miaka mitano ya kuzungumza bila kupumua, hayako popote ila kwenye utepe huo. Fundi Waya, yule wa redio hapa kona, ana mashine ya kuusikilizia. Nimeshamwuliza.

Funga vizuri usikunjike. Na ule chakula, mifupa yako naijua.

Dada yako


Mjini, 20 Februari 1971

Dada yangu, shikamoo,

Na Mama mfikishie shikamoo yake, umwambie namwona katika kila mama mkali nipitaye mbele yake. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, ila kwa mwanamuziki kukonda ni mtaji. Tunalala wanne nyuma ya gereji ya magari, mashati yetu yote yananuka oili, na nywele hazijaonana na kinyozi tangu nifike. Ukiniona leo utanipa nauli nirudi nilikotoka.

Lakini Dada, kuna jambo linafanyika huku! Bendi zote za mji huu zilikuwa zikipiga nyimbo za ng'ambo neno kwa neno. Unamwona mtu analia jukwaani kwa lugha ambayo ukimwuliza maana yake anatazama dari. Sisi tumesema basi. Tunaimba Kiswahili chetu, ngoma ni zile zile tulizokulia, lakini gitaa ni roki, na si roki ya kuazima. Mpiga kinanda ametengeneza kisanduku kwa vipuri vya redio mbovu. Nikikikanyaga, gitaa linavuma kama nyuki ndani ya debe. Tunapiga wimbo mmoja mpaka watu wanasahau ulianza lini. Wengine wanaondoka wakitutukana. Wengine wanafumba macho na hawataki tumalize. Bendi tumeiita Ndoto za Mchana. Mama akiuliza, mwambie jina lingine lolote.

Kuhusu utepe usiwe na wasiwasi, upo. Vitu vingi bado viko kwenye maboksi. Nikitulia nitautafuta.

Mdogo wako


Nyumbani, 15 Machi 1971

Mdogo wangu,

Tumefurahi kusikia u mzima. Mama amesema mtu anayelala gerejini asijisifu kwamba ameota mchana. Usikasirike, barua yako anaiweka chini ya mto.

Shemeji yako amekusanya nguo za mtoto, amezifunga kwenye shuka na kuzigawa nikiwa kazini. Alidhani ananisaidia. Nilipofika kabati lilikuwa linanuka sabuni tu. Kimebaki kiatu kimoja kilichokuwa uvunguni, nacho ni kile cha kushoto ambacho hakukipenda, alikuwa akikivua njiani na kukibeba mkononi.

Sitakuandikia mengi. Maboksi hayo, hata kama ni mengi kiasi gani, mtu huyafungua. Niletee utepe wangu.

Dada yako


Mjini, 2 Juni 1971

Dada, shikamoo,

Nisamehe kwa kukaa kimya, nimezungushwa kama pia. Sasa keti chini nikusimulie.

Kuna ghala moja tupu hapa, zamani likiwekwa magunia. Tumelifanya ukumbi. Mchoraji mmoja wa mabango anamwaga mafuta na wino kati ya vioo viwili, anamulika kwa taa ya kuonyeshea picha, na ukuta mzima unachemka rangi. Watu wanakaa chini sakafuni, suruali zao za bugaluu zimetandaa kama mashuka yako. Wanakuja makarani, wanafunzi, wauguzi waliotoka zamu, hata dereva mmoja wa lori ambaye kila mara analia na hataki kusema analilia nini. Gazeti likatuandika kuwa ni kundi la wendawazimu. Kesho yake ghala likajaa mpaka milangoni. Na si sisi peke yetu tena. Kila gereji ina bendi. Kuna wanaopiga zumari juu ya gitaa la besi, kuna wasichana wana bendi yao na mpiga ngoma wao anatupita sote. Miaka miwili iliyopita ungetuambia haya tungekucheka.

Tumetoa sahani ya santuri! Mwenye Studio, mtu mmoja mnene anayeongea taratibu kama anatafuna kila neno, alitupa chumba chake cha kurekodia. Wimbo unaitwa "Rudi". Fungulieni redio. Mwambieni Mama ni mwanawe huyo.

Utepe nilimpa Mwenye Studio aunakili kwanza, usije ukakatika posta ukanilaani. Yeye ni mtu wa shughuli nyingi. Nitamkumbusha.

Nimekutumia shati nililolitia rangi mwenyewe, zambarau na manjano. Nyinyi madobi mnatoa madoa, sisi tunayatia. Shemeji asilivae, litamwua.

Mdogo wako


Nyumbani, 18 Julai 1971

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama anakusalimu kwa kelele, mguu umepona ghafla toka uingie redioni. Anawaita majirani wote, hata yule muuza mkaa, na wimbo ukianza anawanyamazisha kama vile ndani kuna mgonjwa. Wenzangu dobini wamezua mchezo: "Rudi" ukipigwa wanashika shuka ncha nne na kulipeperusha mpaka gitaa lako liishe. Msimamizi ameacha kugomba, nadhani naye anaupenda. Nimefurahi, mdogo wangu. Sitaki ufikiri sikufurahi. Nilisimama pale na pasi mkononi nikawaambia, "Huyu nimembeba mgongoni mimi," na machozi yakanitoka kwa fahari.

Halafu ukafika mwisho wa wimbo. Vyombo vinanyamaza kimoja kimoja, inabaki ile sauti inayozunguka. Kwanza kama ngurumo, halafu kama ndege. Ngurumo, ndege, ngurumo, ndege, mpaka inapotea. Mtangazaji akasema, "Na huyo ni ndege wa ajabu wa Ndoto za Mchana, hata wao wenyewe hawataki kutuambia wamemtoa wapi." Wenzangu wakacheka. Mimi sikujua kimenipata nini. Mwili ulinisisimka, mkono ukanikaa pale pale juu ya nguo, nikaunguza foronya ya hospitali. Doa la kahawia lenye umbo la pasi, halitoki. Sijawahi kuunguza nguo toka nianze kazi hii.

Kila nikiusikia ni hivyo hivyo. Nyama zangu zinaelewa kitu ambacho mimi sikijui.

Ndege huyo ni nini? Na utepe wangu uko wapi? Nakuuliza maswali haya pamoja, na ningependa uyajibu pamoja.

Dada yako


Mjini, 30 Septemba 1971

Dada, shikamoo,

Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi nimechoka. Tunapiga karibu kila siku, sauti imenikauka, mpiga besi amegombana na mpiga kinanda kuhusu nani alizua nini. Watu wananijua njiani. Nilidhani ni jambo tamu.

Ndege ni kinanda, Dada. Mpiga kinanda ana vitimbi vyake, mimi mwenyewe siwezi kukueleza vinavyofanya kazi. Kila mtu ana maoni yake kuhusu ndege huyo. Mmoja kaniambia anamsikia marehemu baba yake. Ni muziki tu.

Na kuhusu utepe, acha nikuambie ukweli ili tumalize. Umepotea. Tulihama gereji, vitu vikachanganyika, Mwenye Studio anasema hana, mimi sina. Nimetafuta. Nilikuwa sijui nikuambieje.

Lakini Dada, kwa heshima zote, wewe nawe unaniandama. Kila barua utepe, utepe. Huniulizi nimekula nini. Huniulizi nalala wapi. Mtoto hatarudi kwa sababu ya utepe. Hata mimi alikuwa mtoto wangu, alikuwa akilala juu ya kasha la gitaa langu, na sikupewa hata siku moja ya kulia kwa sababu nyinyi wawili mlikuwa mmelijaza jumba lote. Nililia kwa namna yangu. Kila mtu hulia kwa kile anachokiweza.

Nisalimie Mama. Nimemtumia kitambaa kwa mkono wa mpiga tarumbeta anayekuja huko.

Mdogo wako


Nyumbani, 24 Oktoba 1971

Mdogo wangu,

Kitambaa kimefika. Mama amekishona gauni.

Salamu nyingine sina, kwa hiyo nisimulie tu.

Juzi nilipeleka redio ya dobini kwa Fundi Waya, ilikuwa imeungua kwa mvuke. Nilikuta dukani kwake vijana wa bugaluu wanaoshinda hapo, wamebanana kwenye benchi, wanabishana kuhusu nyimbo zenu. Mmoja alikuwa akiapa kwamba bendi hizi mpya huficha mambo kinyumenyume, kwamba nyie watu wa mjini mnageuza tepe mkishavuta mambo yenu. Fundi Waya hapendi kubishana, anapenda kuonyesha. Akaichukua sahani yenu, akautoa ule mpira unaozungusha gramafoni, akaweka sindano mwishoni mwa "Rudi" na kuizungusha sahani kwa kidole, kurudi nyuma, taratibu.

Kwanza mkwaruzo. Akaongeza mwendo kidogo, akapunguza, kama mtu anayetafuta stesheni. Halafu mwanangu akasema, dukani pale, mbele ya wale vijana:

"Mama! Mimi niko ndani ya redio!"

Halafu akacheka kile kicheko chake cha kukosa pumzi.

Halafu ile ngurumo yako, mdogo wangu. Ukiigeuza si ngurumo. Ni wewe. Unasema, "Hebu mtoe huyu, ananiharibia utepe!"

Vijana wakashangilia, "Si tuliwaambia!" Fundi Waya aliniona usoni akaondoa sindano. Aliwatoa wote nje, akanipa kiti, akakaa anatazama mikono yake. Mtoto alikuwa akija dukani kwake kila siku kuuliza watu wa redioni wanakula saa ngapi. Aliitambua sauti kabla yangu, nadhani.

Kwa hiyo si kinanda. Na utepe haukupotea. Ulikuwa nao siku uliponiandikia uko kwenye maboksi. Ulikuwa nao uliponiandikia yuko nao Mwenye Studio. Ulinipiga chenga mwaka mzima, huku wenzangu wanapeperusha mashuka juu ya sauti ya mwanangu, na mimi nawaambia kwa fahari kwamba nilikubeba mgongoni.

Umesema ulilia kwa namna yako. Mtu akilia hapigiwi makofi.

Sitaki kitambaa, sitaki shati, sitaki maelezo. Nataka utepe wote, toka mwanzo alipoingia chumbani mpaka mwisho. Alizungumza muda mrefu siku ile, alikusimulia habari za paka, aliimba. Nilikuwa jikoni nikisikia. Ulete mwenyewe kwa mkono wako.

Dada yako


Mjini, 12 Desemba 1971

Dada,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana.

Utepe haupo. Safari hii ni kweli. Kile kipande unachokisikia nilikikata kwa wembe, nikaunganisha ncha zake ikawa duara. Duara linapita kwenye mashine na kuzunguka chupa tupu ya soda ili lisilegee. Ndivyo tunavyofanya jukwaani, hujaona bado, chupa iko juu ya stuli karibu na miguu yangu. Lilizunguka kila onyesho tangu Machi. Tepe huchakaa, Dada, ile rangi ya kahawia inabanduka kama unga. Mwezi uliopita likakatika katikati ya wimbo. Watu walikaa wanasubiri ndege. Nikawapigia gitaa badala yake.

Sehemu iliyobaki tulirekodia mazoezi juu yake. Tepe ni adimu huku, kila bendi inafuta ya zamani na kutumia tena. Sikufikiri. Hapana, nilifikiri. Nilijua sauti yake ipo pale chini na niliacha mkono ubonyeze.

Unataka kujua kwa nini niliigeuza sauti yake. Nilipofika hapa niliusikiliza mara moja. Nikamsikia akikuita, nikajisikia mimi ninavyomfukuza, na mwezi ule ule wa kurekodi ndio tuliomzika. Sikuweza. Nikaugeuza utepe ili nisielewe maneno. Kinyumenyume alikuwa sauti tu, sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia, na mimi ni mpiga muziki, Dada. Wenzangu wakaingia wakauliza, "Umempata wapi ndege huyo?" Nikashika gitaa. Kufikia jioni ulikuwa wimbo.

Sasa sikiliza. Wimbo umetakiwa ng'ambo. Mwenye Studio anataka tuurekodi upya, safi, na hapa nchini sahani ya zamani itaachwa kuchapishwa. Nimemwambia mwishoni tusiweke ndege. Nimekupigania hilo, alikuwa hataki. Sauti ya mtoto wetu haitachezewa tena na mtu yeyote. Nilitaka usikie kutoka kwangu. Nitakuja mwaka mpya, nipige magoti mbele yako na ya shemeji, uniambie nifanye nini.

Mdogo wako


Nyumbani, 3 Januari 1972

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Mama ni mzima. Hajui. Kila wimbo ukifika mwisho anasema, "Huyu ndege wa mwanangu ana raha zake," na mimi natoka nje kuanika kitu ambacho nimeshakianika. Sitamwambia, na wewe ukimwambia tutakuwa hatujuani.

Shemeji yako alihama nyumbani tangu Aprili. Analala kwenye vyumba vya kazini kwake. Sikukuandikia, kwa sababu nilidhani atarudi kabla barua haijafika. Wiki iliyopita nilikwenda kumwita. Sikumwambia anakwenda kusikia nini, nilimwambia tu ni jambo la Kimbelembele. Unaona, nimeliandika. Mwaka mzima hakuna aliyelitaja jina hilo, wewe wala mimi wala baba yake, kana kwamba tukilitaja ataingia tena chumbani tumwambie atoke.

Tuliketi kwenye benchi la Fundi Waya, duka limefungwa mlango. Fundi akazungusha. Mtoto akasema lake, akacheka. Fundi akawahi kuondoa sindano kabla hujaingia wewe. Sasa anajua pa kuishia. Shemeji yako alikaa, mikono magotini, macho kwenye sahani. Halafu akasema neno moja, "Tena." Nilikuwa sijamsikia akiomba kitu chochote tangu siku ya mazishi. Fundi akarudia. Shemeji yako akaomba tena. Mara ya tatu sauti ikawa na mchanga ndani yake, na Fundi Waya akaondoa mkono. Akatueleza kwamba sindano haikutengenezwa kurudi nyuma. Kila tukimsikiliza tunamchimba. Hiyo sahani, kwa mwendo huo, haitafika mbali. Shemeji yako akavaa kofia, akaenda madukani kununua nyingine. Akakuta zimekwisha.

Kwa hiyo naandika nikiwa na ombi ambalo sikutegemea kuliandika.

Usirekodi upya. Usimsafishe. Unasema umenipigania sauti ya mtoto wetu isichezewe. Kwanza si wetu, ni wangu na wa baba yake, wewe ulikuwa mjomba, na ulikuwa mjomba mzuri mpaka uliposhika wembe. Pili, umeumaliza utepe, umefuta habari za paka, umefuta alipoimba. Hana mahali pengine pa kukaa ila mwishoni mwa wimbo wako. Ukiutoa mwisho huo umemzika mara ya pili, na safari hii hakuna hata kaburi la kupalilia.

Mchapishe zile zile za zamani, zenye ndege. Nyingi. Muuze mpaka kila nyumba iwe nayo. Mimi niliyekuwa nikikucheka kwamba huwezi kuwa mtu mashuhuri, sasa kila nikiamka naomba watu wakupende wewe na kelele zako, ili sahani zisikome, ili hii ikichakaa nipate nyingine, na hiyo ikichakaa nipate nyingine. Hebu fikiri ulichonifanya. Nakuombea mafanikio kila siku, na hakuna hata chembe ya mafanikio hayo ninayokutakia.

Kuja, usije. Magoti yako hayana kazi hapa. Tuma sahani.

Na Mwenye Studio akiendelea kutaka kumtoa, mwambie dada yako amekataa. Ulishasema mara moja atolewe, anakuharibia utepe. Mara hii hatoki.

Mama yake Kimbelembele